Lazima Ujisikie

S.L.P. 417,
Meru.
9 Machi 1997

Kwa Tata Marcella,

Pokea salamu kutoka Kaaga, pamoja na baridi ambayo huko Gachoka mngeinunua kama ingekuwa inauzwa sokoni. Sisi tuko. Mke wangu Karimi bado anafundisha nasari. Igoki mdogo, wajina wa mama, ameng'oka meno mawili ya mbele na anakataa kucheka mbele ya wageni. Ng'ombe alizaa ndume, kama kawaida yake. Msalimie mzee Nyamu. Naandika Kiswahili kwa sababu Kimbeere cha mama sikukishika, na Kimeru changu ulisema mwaka ule kwamba kinakuumiza meno.

Sasa neno lililonifanya nikae chini niandike. Nimenunua kompyuta. Usishtuke, ni kuukuu, ilitoka kwa ofisi moja hapa mjini iliyofungwa. Nimeiweka kwa stoo ya viazi, vitu zangu zote za redio nikahamishia huko, na ukutani nimepigilia magodoro mawili na blanketi ili sauti isirukeruke. Karimi anasema nimejenga nyumba ya kulaza wagonjwa.

Sababu ni hii. Nilikuwa natafuta cheti cha ubatizo kwa sanduku la mama nikapata kaseti. Ni yeye anaimba, peke yake, kwa ile jikoni ya zamani. Unasikia hata kuku. Tata, tangu tumzike nilikuwa nimesahau sauti yake. Uso ninao kwa picha, lakini sauti haikuwepo kichwani, na sikujua haipo mpaka nilipoisikia tena. Iliniuma sana.

Wimbo ni ule wa kufukuza ndege kwa mawele, ule wa watu wawili. Mama anaimba sehemu ya kujibu tu. Sehemu ya kuanza haipo, na anayeijua duniani ni wewe. Kompyuta inaweza kuweka kila sauti kwa mstari wake: mama juu, wewe chini yake, na mtu akicheza anawasikia pamoja kama mlisimama mahali pamoja. Mama nimekwisha kumwingiza. Alikuwa anasimama-simama, nafikiri alisahau maneno au alikuwa anageuza chapati, kwa hivyo nimekata kila mahali penye kimya na sasa wimbo unatiririka vizuri.

Naomba uje uimbe sehemu yako. Siku mbili zinatosha.

Ni mimi mtoto wa dada yako,
Thuranira

*

Gachoka,
2 Aprili 1997

Mwanangu Thuranira,

Salamu zako zimefika bila baridi, labda posta waliifungua. Sisi tunaendelea kuvumiliana na jua. Ndengu zimetoa maua, Mungu akipenda zitatoa na kitu kingine. Tangu niache kufundisha mwaka jana mbuzi wananiona kama mwalimu wao mkuu, na nidhamu yao inashinda ya darasa la sita. Mzee Nyamu anaumwa na goti na anataka kila mtu ajue.

Vitu *vyangu vyote*, si vitu zangu zote. Nilikufundisha mwenyewe likizo moja nzima.

Nimefurahi kwamba sauti ya dada yangu ipo. Zaidi ya hapo sina la kusema juu yake kwa sasa.

Lakini usikate. Rudisha kila kimya ulichokitoa, na ukirudishe kwa urefu ule ule. Sababu nitakwambia siku nyingine.

Kuja siwezi. Kuna mbuzi, na kuna kwaya, maana nisipoanzisha wimbo mimi, Kithaka na wenzake wa besi huanza kama trekta kwenye matope. Na kusema kweli mambo ya redio na muziki wa waya mimi siku hizi siyafuati.

Mama yako mdogo,
Marcella

*

S.L.P. 417,
Meru.
1 Juni 1997

Kwa Tata Marcella,

Habari za mvua ya huko? Hapa ilinyesha ikapitiliza, viazi vikaoza upande wa chini wa shamba. Karimi alikuwa na malaria, amepona. Igoki mdogo ameota jino moja na ameanza kucheka upande huo.

Kimya nimekirudisha chote. Bahati kaseti yenyewe ilikuwa bado nzima. Ila sielewi ni cha nini. Mwanzoni mama anasema "haya", halafu hakuna kitu kwa muda mrefu, halafu ndio anaimba. Na kwa ubeti wa mwisho anaanza kujibu, anajikatiza, ananyamaza, anaanza upya. Hapo ni wazi alisahau maneno, lakini umesema nisiguse, sijagusa.

Nilikupigia simu dukani kwa Mutugi. Nilikuuliza utakuja lini, ukanijibu mbuzi amezaa pacha. Nikauliza tena, nikipiga kelele mpaka Karimi akatoka nje, ukasema wote ni majike. Nashukuru kwa mbuzi. Simu za huko zinahitaji maombi.

Sasa nikueleze nimefika wapi. Kadi ya sauti iliyokuja na kompyuta ilikuwa inaweza kusema au kusikiliza, lakini si yote mawili pamoja, kama watu fulani tunaowajua. Nimeletewa nyingine kutoka Nairobi. Hii inacheza sauti ya zamani huku inarekodi mpya. Lakini kuna shida. Mwimbaji anavaa hedifoni, sauti yake inaingia kwa kompyuta, kompyuta inafikiria, halafu inamrudishia masikioni ikiwa imechelewa kidogo. Nilijaribu na Karimi. Alikuwa anaisubiri sauti yake, nayo ikichelewa anapunguza mwendo, mpaka tenzi ikafa katikati.

Kwa hivyo kazi yote iliyobaki ni kujisikia. Usipojisikia huwezi kuimba, hiyo nimeiona kwa macho. Tata, ukija hapa lazima ujisikie. Mimi nitahakikisha unajisikia kabisa, tangu unapoingia mlangoni.

Thuranira

*

Gachoka,
19 Juni 1997

Thuranira,

Wote hapa wazima.

Nimefundisha Kiswahili tangu ukiwa unanyonya. Mtu anayejisikia ni mtu mwenye maringo, anayepita watu njiani bila salamu kwa kuwa amevaa viatu vipya. Kama huko Kaaga kuna mtu aliyekwambia kwamba mimi ni wa namna hiyo, mtaje. Kama ni mama yako aliyesema, sasa hawezi kuulizwa.

Mimi sijisikii. Sijawahi kujisikia, na sitaanza kwa ajili ya kompyuta.

Marcella

*

S.L.P. 417,
Meru.
6 Julai 1997

Kwa Tata Marcella,

Nakusalimu nikiwa nimeinama. Karimi amesoma barua yako na amecheka mpaka akakaa chini, kwa hivyo nyumbani sina wa kunitetea.

Tata, sikumaanisha maringo! Nilimaanisha kusikia sauti yako mwenyewe wakati unaimba, masikioni, kwa hedifoni. Ningeandika "kusikia sauti yako mwenyewe" lakini karatasi ilikuwa inaisha na nikafupisha. Kufupisha ndiko kulikoniponza. Hakuna mtu yeyote aliyewahi kusema umejaa kiburi, na mama alikuwa akikutaja anakutaja kwa jina la utoto ambalo sitaliandika, maana mzee Nyamu anaweza kuifungua hii.

Na ile shida nimeitatua. Nimenunua miksa ndogo. Maikrofoni sasa inagawanyika: waya mmoja unaenda kurekodi, mwingine unaenda moja kwa moja masikioni bila kupitia kompyuta. Karimi ameimba tenzi nzima bila kufa. Unaweza kusikia hata pumzi yako.

Niambie tu siku, nitakuja kukuchukua Embu mjini.

Thuranira

*

S.L.P. 417,
Meru.
26 Oktoba 1997

Kwa Tata Marcella,

Natumaini mko wazima, maana sijapata neno tangu Juni. Huku hata jogoo hawajui asubuhi ni saa ngapi kwa sababu ya hii mvua. Mabati yanapiga kelele mchana kutwa, siwezi kurekodi hata kikohozi. Nimesikia kwa redio kwamba barabara zenu zimekatika.

Kama bado umekasirika, sema umekasirika. Kama hutaki kuimba, sema hutaki, nitauweka wimbo ulivyo, nusu. Lakini nikiucheza naona kama nimemweka mama anaongea na mtu asiyemjibu. Sipendi kuusikia hivyo.

Thuranira

*

Gachoka,
8 Januari 1998

Mwanangu Thuranira,

Nimepokea zako zote mbili, ya pili ikiwa imelowa kama mwanakondoo. Krismasi tulikula, ingawa daraja lilikuwa limeondoka na mchele ulipita mtoni vichwani mwa watu. Mawele yamesimama vizuri. Goti la mzee Nyamu limelipisha bega, sasa ndilo linalouma.

Nitakwambia jambo, na ukishasoma usinijie na huruma, sina mahali pa kuiweka.

Jumapili kabla ya Krismasi mchungaji alikuwa katika maombi. Niliona midomo yake imesimama, nikajua ameshasema amina, nikaanzisha wimbo kwa nguvu zangu zote. Kumbe alikuwa amevuta pumzi tu. Kanisa lote lilicheka. Niliwaona wakicheka, sikuwasikia. Kithaka akaja kunigusa bega. Baadaye nilisema ilikuwa furaha ya Bwana, nao wakakubali, maana ni watu wema.

Masikio yangu yamekwisha, Thuranira. Hayajaisha yote: radi naipata, na lori la mchanga, na ngoma kifuani. Sauti za watu ndizo zimeondoka, za watoto zikitangulia. Kwa hiyo niliacha kufundisha. Kusema niliacha kwa ajili ya mbuzi ilikuwa hadithi ya kuwaridhisha watu. Ile siku ya simu nilikuwa nimeshika chuma baridi sikioni na nikakisia utauliza nini. Mzee Nyamu anadhani nimekuwa mkaidi kwa uzee, jambo alilolitarajia tangu tuoane.

Uliponiandikia "lazima ujisikie", nilielewa ulichomaanisha tangu mstari wa kwanza. Kiswahili ninakijua. Nilikasirikia maana moja ili nisiijibu ile nyingine. Basi hili ndilo jibu: sijisikii. Nikiimba, najua nimeimba kwa sababu koo limechoka. Kwaya ikijua, watanipa kiti cha mbele na mto wa kukalia, na wimbo ataanzisha mwingine. Sina kingine ninachokipenda hivyo.

Na tena naogopa kuja kwako. Utamcheza Igoki, ninyi wote mtamsikia, nami nitakaa hapo nikitazama masanduku yako. Dada yangu awe chumbani anaimba na mimi peke yangu ndiye nisimsikie! Afadhali nibaki na mbuzi.

Kuhusu kile kimya. Baba yetu alikuwa na shamba refu la mawele, na mwisho huu na mwisho ule alijenga dungu. Mimi nilikaa juu ya dungu la upande wa mto, Igoki la upande wa barabara, kila mmoja na kombeo lake. Nikianza mimi, sauti ilivuka shamba, ndege wakaruka, yeye akangoja, ndipo akajibu. Huwezi kumsikia mtu wa dungu la pili papo hapo, lazima achelewe. Huko kuchelewa ulikopigana nako mpaka ukanunua miksa ndiko sisi tulikojifunzia kuimba. Kwa hiyo ulichokata hakikuwa kimya. Lilikuwa shamba la baba yetu.

Mama yako mdogo,
Marcella

*

S.L.P. 417,
Meru.
1 Februari 1998

Kwa Tata Marcella,

Salamu kutoka kwetu sote. Mvua imepungua, mabati yamenyamaza. Igoki mdogo sasa ana meno yote na anawauma wenzake.

Nilisoma barua yako, nikatoka kwenda kumtazama ng'ombe, nikarudi nikaisoma tena. Huruma nimeiacha huko zizini kama ulivyosema.

Nina neno moja, na wewe ndiwe mwalimu, unirekebishe. Sisi husema tunasikia njaa. Tunasikia baridi, tunasikia usingizi, tunasikia harufu ya ugali ukiungua. Hakuna hata moja hapo inayopitia sikioni. Umesema ngoma unaisikia kifuani. Mimi nina spika moja ya kutoka kwa disko iliyofilisika, urefu wake unafika kiunoni, na ukiiwekea kiganja hata mtu akinong'ona mkono unajua. Nimejaribu usiku wa kuamkia leo, nimeziba masikio kwa pamba na nta, nikaweka mikono. Mahali mama anaposimama mikono ilijua. Mahali anapoanza ilijua pia.

Kama haitafanya kazi, utakula, utalala, utarudi nyumbani, na kaseti itabaki nusu. Nimemwambia Karimi peke yake, ili usilazimike kuigiza ukiwa hapa. Ukitaka kukasirika kwa hilo, njoo ukasirikie huku.

Thuranira

*

S.L.P. 417,
Meru.
19 Aprili 1998

Kwa Tata Marcella,

Natumaini ulifika salama na kwamba vile viazi havikuchunika njiani. Tangu uondoke Igoki mdogo anaweka mikono kwa kila kitu: redio, jiko, tumbo la ng'ombe. Karimi anakusalimu.

Naandika hii pole pole kwa sababu nataka ujue wimbo unasikika vipi, na hakuna mwingine wa kukwambia. Kaseti ni hii ndani ya bahasha.

Unakumbuka ulivyozikataa hedifoni, ukasema zinabana kitambaa cha kichwa. Ukakaa juu ya debe, viganja viwili kwa spika, macho umefumba. Mama aliposema "haya" nilikugusa bega, ukaanza.

Sauti yako imekuwa nzito, Tata. Mstari wa kwanza ulikuwa chini kidogo ya mama, na mimi nikasema moyoni, basi. Kisha akajibu. Nilikuona umeshtuka, mikono ikaruka kutoka kwa spika kama imeungua, ukairudisha. Ulipoanza mstari wa pili ulikuwa umepanda mpaka alipo. Sijui ulipandaje na sitajidai najua.

Baada ya wewe kuondoka niliingia stoo kurekebisha. Nilikuwa nimejiandaa kuusogeza mstari wako mbele na nyuma, mpaka ukae vizuri na wa mama. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na mafundi wote huifanya. Nilicheza mara ya kwanza nikiwa nimeshika kipanya tayari. Tata, sikusogeza kitu. Kila mahali alipokuachia, umetosha.

Nimebakisha kukwambia pale kwa ubeti wa mwisho. Mstari wako unapoisha, mama anaanza kujibu. Lakini wewe umeurudia mstari ule mara ya pili, na mnagongana. Hapo ndipo anapojikatiza, ananyamaza, anangoja mpaka umalize, ndipo anajibu upya. Mwaka mzima nilidhani amesahau maneno. Kumbe alikuwa amekumbuka kwamba wewe hurudia. Alikuwa jikoni peke yake na akakungoja.

Nililia hapo, kwa stoo, kati ya magodoro. Nakuandikia hivyo kwa kuwa uliniambia yako.

Mtoto wako,
Thuranira

*

Gachoka,
10 Mei 1998

Mwanangu Thuranira,

Viazi vilifika, ngozi na vyote. Mawele tulivuna, ndege walikula yao. Wape mkono Karimi na yule anayeshika matumbo ya ng'ombe.

Nilikuwa narudia kwa sababu upande wa mto ndege walikuwa wengi, wimbo mmoja haukuwatosha. Igoki alichukia sana jambo hilo. Alikuwa akinipigia kelele kutoka dungu lake kwamba nina tamaa ya kuimba. Sikujua kwamba alilihifadhi miaka yote hiyo.

Redio ya kaseti nimeiweka juu ya meza ya chakula, maana mbao inabeba vizuri, na huweka mikono hapo jioni. Mzee Nyamu aliniuliza ninafanya nini, ikabidi nimweleze habari ya masikio. Alisema alijua tangu mwaka juzi. Amekuwa akinisema vibaya kwa sauti kubwa nyumba nzima, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakujibiwa, akaona asiharibu. Tumecheka pamoja, kisha nikamkumbusha mambo ya goti.

Jumapili iliyopita niliwaambia kwaya. Nilisimama nikasema kwa Kiswahili ili wote wapate: mimi sijisikii, tangu leo mchungaji akimaliza kuomba Kithaka atanigusa bega, nami nitaanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa ule mto wa kukalia. Hawakuuleta. Mchungaji aliomba, Kithaka akagusa, nikaanza, na nilipoweka mkono kwenye benchi nikawapata wote nyuma yangu, besi na kila kitu, wamechelewa kidogo kama inavyotakiwa.

Baadaye nje ya kanisa nilimwona Kithaka akimsengenya mtu kwa mkewe, nikatazama midomo yake vizuri. Alikuwa anasema kwamba huyu mama tangu arudi kutoka Meru anatembea akijisikia.

Akija huko akakuuliza, mwambie ni kweli.

Mama yako mdogo,
Marcella